Desemba Niliyomnyima Weldon

Kabla hamjamwomba mwalimu mkuu mpira mpya, ombeni magunia. Magunia ya katani, yale ya zamani, si haya ya nailoni yanayosukuma maji huku na kule bila kuyanywa. Uwanja wetu wa kikapu uko mlimani katikati ya chai, na mvua ya Kericho haina adabu, inakuja saa nane mchana kama mtu aliyealikwa. Mkiwa na magunia sita na vijana sita, mkaanza katikati mkikokota kuelekea pembeni, kwa robo saa saruji imekauka. Mkianza pembeni mkielekea katikati, mtatengeneza bwawa. Mimi nilianzia pembeni mwaka mzima, na hakuna kijana aliyethubutu kuniambia.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, na kwa miaka thelathini na mmoja nilikuwa pia kocha wa mpira wa kikapu katika shule moja ya Kikatoliki ya wavulana huku kwetu. Filimbi yangu sasa anayo mwalimu Denis, kijana mwenye bidii, na ndiye aliyeniambia, "Coach, andika vitu zote unajua, hata zile mbaya, ndio sisi tusirudie." Mbaya ni nyingi. Nyingine zinachekesha, na nitaanza nazo kwa sababu mimi ni mwoga. Moja haichekeshi hata kidogo. Nimeionea haya kwa zaidi ya miaka ishirini, na nyinyi mnaoshika timu leo mtaisoma yote kabla sijawaachia mwende.

Kazi yenyewe sikuiomba. Nilipofika shuleni nikiwa na cheti kipya na viatu vya kuazima, Bruda Anselmi, mtawa mfupi kutoka upande wa Kisii aliyesimamia michezo, alinitazama kutoka chini hadi juu akasema, "Wewe ni mrefu. Utafundisha kikapu." Nikamwambia sijawahi hata kuugusa mpira huo. Akanijibu, "Na mimi sijawahi kuoa, lakini nafundisha vijana habari za ndoa." Basi nikawa kocha.

Mwaka wangu wa pili ringi moja iling'oka, nikamwita fundi. Nikampa kipimo, futi kumi. Fundi akapima futi kumi za nguzo, akachimba shimo, akazika futi moja na nusu. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, akaishusha na ile ya pili ili zilingane. Muhula ule vijana wangu walikuwa mashujaa. Kila mtu alifunga, hata mpishi. Tukaenda Bomet tukiimba ndani ya lori, na karibu kila mpira tuliorusha ukapita chini ya ringi. Refa akaniuliza kwa upole kama vijana wamekula. Pimeni wenyewe, kwa tepu, kutoka sakafuni, nguzo ikiwa imeshasimama.

Tena, mkicheza nyumbani Jumamosi, mjue kengele ya sala ya Malaika wa Bwana inalia saa sita kamili. Tuliwahi kucheza na shule ya serikali, tukawa mbele, kengele ikalia, na vijana wangu wote watano wakasimama wakainamisha vichwa. Wageni wakatazamana, kisha wakafunga mara mbili. Nikamkimbilia Bruda Anselmi, ambaye ndiye aliyekuwa refa siku hiyo, nikidai pointi zifutwe. Alikuwa bado anamalizia sala. Alipomaliza akasema, "Pointi ni halali. Mungu hakusimamisha saa." Tangu siku hiyo tukawa tunaanza saa saba.

Kuhusu mikono nina jambo moja la maana. Vijana wa huku wamechuma chai tangu utotoni, majani mawili na kichipukizi, na vidole vyao vina akili kuliko vyako. Usiwafundishe kuudunda mpira kwa kiganja. Waambie waguse mpira kama wanavyogusa jani, kwa ncha za vidole, bila kulivunja. Na katika zile asubuhi zetu za baridi mpira hufa, haudundi, kwa hiyo ulazeni jikoni karibu na jiko la kuni. Nimesema karibu. Kuna aliyeuweka juu yake, na sitamtaja kwa kuwa ni mimi.

Bruda Anselmi ndiye aliyenifundisha kuchagua wachezaji. "Urefu hata mbuzi anauona," alikuwa akisema. "Wewe tazama miguu. Na ukimaliza kutazama miguu, tazama kijana mwenyewe, ana nini nyumbani, anaogopa nini." Miguu niliielewa haraka. Hilo la pili nililiitikia kwa kichwa tu, kama mnavyoitikia nyinyi mkutano wa walimu ukiwa mrefu.

Sasa nimeishiwa ya kuchekesha.

Mwezi wa Novemba, mwaka mmoja wa zamani, nilikuwa nimesimama kwenye kituo cha kuuzia majani ya chai karibu na Kiptere, nikimngoja mke wangu apimiwe. Mizani hutundikwa juu, na kina mama husaidiana wawili wawili kuinua mfuko. Nikamwona kijana mmoja aliyekuja na mama yake. Aliushika mfuko kwa mkono mmoja akautia kwenye ndoano bila hata kuinua kisigino. Moyo ulinidunda kama wa mtu aliyemwona ng'ombe wa kununua. Nikamuuliza jina, akasema ni Weldon, na kwamba amemaliza mtihani wa darasa la nane wiki iliyopita. Nikamtazama miguu. Ilikuwa mizuri.

Kama wewe si wa huku, ngoja nikueleze kidogo. Mvulana wa Kipsigis anapomaliza darasa la nane, Desemba hiyo huingia jandoni na wenzake wa kijijini. Wanakaa menjo, yaani nyumba ya vijana iliyojitenga, wakipona na kufundishwa, na wanatoka wakiwa wanaume shule zikikaribia kufunguliwa. Mambo ya humo hayaandikwi, na mimi siyaandiki. Ninachoweza kusema ni kwamba wale ulioingia nao ni wako mpaka kaburini. Ndio watakaokusindikiza kuposa, ndio watakaosimama nawe ukizika mzazi. Na aliyeingia baada yako ni mdogo wako, hata kama yeye ndiye aliyetangulia kuzaliwa. Asiyeingia bado anaitwa ng'etet. Kwa mtoto mdogo neno hilo si tusi, ni jina tu la umri. Kwa kijana mrefu wa kidato cha kwanza ni kofi.

Na hapo ndipo kalenda ya shule inapoleta balaa. Kikapu huchezwa muhula wa kwanza. Kijana aliyetoka menjo hawezi kuruka na kugongana na watu mpaka mwili urudi, na mechi za mtoano zinamalizika mapema. Makocha wote wa huku wanalijua hili, na wenye busara humngoja kijana mpaka kidato cha pili. Lakini sisi tulikuwa tumetolewa miaka mitatu mfululizo na shule ileile ya ng'ambo ya mto, na kocha wao alikuwa na tabia ya kunipigapiga begani baada ya kila mechi akisema, "Mwakani, mwalimu, mwakani." Sikutaka kungoja mwakani.

Nikaenda kwa kina Weldon. Baba yake, Mzee arap Koech, alikuwa mkulima wa chai na ng'ombe wanne, mtu mpole aliyemheshimu kila mwenye chaki. Nikakaribishwa mursik, maziwa yale ya kibuyu, nikanywa vikombe viwili, nikasifu ng'ombe, ndipo nikasema shida yangu. Nilitaka Weldon aje kambi ya mazoezi ya Desemba, apate nafasi katika shule yetu, acheze Januari. Jandoni aingie mwaka unaofuata.

"Amekwisha kupangwa, mwalimu," mzee akasema. "Wako watano. Yuko na Hillary wa ndugu yangu. Hao wawili wamezaliwa mwezi mmoja, wamenyonya pamoja."

"Ni mwaka mmoja tu, mzee. Na kule shuleni hakuna atakayejua. Nitamtunza kama wangu."

Mama yake Weldon alikuwa akichambua mboga mlangoni. Hakuinua kichwa. "Mwalimu, wewe unataja mwaka kama unataja siku," akasema. "Huo kwa mtoto wa kiume si mwaka."

Mzee akamtazama mkewe, akanitazama mimi. "Lakini mwalimu ndiye anayejua mambo ya shule," akasema, na ikawa imekwisha. Weldon alikuwa amesimama nje akisikia kila neno. Hakuna aliyemuuliza. Mimi ndiye niliyepaswa kumuuliza, na nikajiambia kwamba kimya chake ni heshima.

Nataka mwelewe kwamba sikuwa mgeni. Ningekuwa mtu wa mbali ningesema sikujua mila. Mimi ni Mkipsigis, nimeingia na wenzangu sita, na hadi leo wanne waliobaki ndio watu pekee ninaoweza kuwapigia simu saa yoyote bila kujieleza. Nilijua hasa ninamnyima nini yule mtoto. Nilijua pia kwamba niliposema hakuna atakayejua nilikuwa nadanganya, kwa sababu katika shule za huku vijana wa kidato cha kwanza wakikutana, swali la kwanza si unatoka wapi. Ni, "Uliingia na nani?"

Walimuuliza Weldon siku ya kwanza, kwenye foleni ya kupokea godoro. Nilisimuliwa baadaye. Alinyamaza, na kunyamaza kulitosha. Hillary, binamu yake, alikuwa foleni hiyohiyo, ametoka menjo wiki moja tu iliyopita, mwembamba na amenyooka kama fimbo mpya. Walikuwa wamelala kitanda kimoja tangu wajue kutembea. Hillary akatazama pembeni. Simlaumu, alikuwa amefundishwa kwamba sasa yeye ni mtu mzima na huyu ni mtoto. Wali wa Jumapili Weldon alikuwa akiula mwisho wa meza. Kuoga alikwenda alfajiri kabla ya kengele, peke yake, katika maji ambayo nyinyi mnayajua yalivyo saa hiyo.

Mimi niliona nini? Niliona mpira haumfikii. Kijana amesimama chini ya ringi, mikono juu, hana mtu mbele yake, na wenzake wanapasiana pembeni kama wanaocheza kombolela. Nikachora ubaoni. Nikapuliza filimbi mpaka mashavu yakauma. Nikamfokea yeye, "Omba mpira, Weldon! Paza sauti!" Akapaza sauti, na mpira haukuja.

Nikamwita nahodha, Festus, kijana wa kidato cha nne mwenye heshima zake. "Mbona hamumpi Weldon mpira?"

"Coach, sisi hatuna shida na yeye," Festus akasema akitazama viatu. "Anacheza poa sana. Lakini coach, yeye ni mtoto. Hawa watu watatucheka, ati mtoto ndio anatufungia."

Hapo mtu mwenye akili angeketi chini. Angempeleka kijana nyumbani siku hiyo, amwombe msamaha mzee, aseme nimekosea. Mimi nilimwamuru Festus ampe mpira, la sivyo angevua jezi ya unahodha. Wakawa wanampa, kwa nguvu, usoni na tumboni, pasi za kumkomoa. Yeye akazidaka zote. Kila mpira ulioletwa kumwumiza aliudaka kwa vidole vile vya kuchuma chai, na mimi pembeni nilikuwa napiga makofi nikisema mnaona, mnaona.

Tukafika fainali ya wilaya na shule ileile ya ng'ambo ya mto. Uwanja ulikuwa wao, watu walijaa hadi kwenye ua. Katika robo ya tatu tulikuwa nyuma, na Weldon alikuwa amepotea mchezoni. Baadaye nilijua ni kwa nini. Kijana mmoja wa upande wa pili alikuwa amesikia habari zake na alikuwa akimnong'oneza neno lile kila anapomkaba. Nikaomba mapumziko. Vijana wakanizunguka, Bruda Anselmi akiwa na jagi la maji. Nilikuwa nimepandwa na hasira, na nilimwona yule kocha mwenzangu akinitazama huku akitabasamu. Nikamshika Weldon jezi kifuani, nikamwambia kwa Kikipsigis, kwa sauti ambayo benchi lote lilisikia, "Ndiyo maana hawakuheshimu. Ng'etet! Ukitaka kuwa mwanaume, anzia pale chini ya ringi."

Hakuna aliyecheka. Ningependa wangecheka. Hata wale waliokuwa wakimtupia mpira usoni waliinamisha vichwa, na Festus akaweka mkono begani kwake, mara ya kwanza tangu Januari. Bruda Anselmi hakujua Kikipsigis, lakini aliacha kumimina maji.

Weldon akarudi uwanjani. Sijaona kijana akicheza vile, kabla wala baada. Hakutabasamu, hakumtazama mtu, kila mpira uliogonga ringi ulikuwa wake. Tukashinda. Nilibebwa juu juu na wazazi, nikanywa soda tatu, nikampigapiga yule kocha begani nikamwambia, "Mwakani, mwalimu, mwakani." Ndiyo, nilisema hivyo. Nilikuwa na furaha jioni nzima.

Jumatatu Weldon alikuja ofisini na jezi, imefuliwa na kukunjwa. Akaiweka mezani. "Asante, mwalimu," akasema, na akatoka. Timu ilikwenda mashindano ya mkoa bila yeye, tukatolewa siku ya kwanza. Hakuudunda mpira tena kwa miaka yote minne, ingawa alipita kando ya uwanja kila siku akienda darasani. Desemba iliyofuata aliingia jandoni na mdogo wake wa kumfuata na watoto wengine watatu wa kijijini, wote wakiwa wanamfikia kifuani. Hillary alikuwa miongoni mwa wale waliokwenda kuwasimamia.

Nilimweleza Bruda Anselmi maneno niliyoyasema. Tulikuwa tunapaka ringi rangi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Unaniambia mimi kwa sababu mimi ni rahisi. Mimi si padri, siwezi kukuondolea dhambi. Hata padri ningekuwa, ningekutuma kwa mwenyewe." Nikamwambia nitakwenda. Bruda ameshatangulia mbele ya haki, na alikufa akidhani nilikwenda.

Huwezi kumkwepa mtu katika nchi ndogo kama hii. Nilikutana na Weldon sokoni, kanisani, kwenye mikutano ya wakulima. Kila mara alivua kofia akasema, "Mwalimu, habari ya nyumbani?" Hakuwahi kunikosea heshima hata mara moja, na hilo ndilo lililonikata maini. Nilikwenda kumzika baba yake. Wazee walipopanga shughuli, Hillary na kundi lake waliitwa mbele, na Weldon akangoja zamu ya wadogo. Aliyekuwa ndani ya jeneza alikuwa baba yake yeye. Nilisimama nyuma ya watu kina mama wakiimba, nikaona aibu, kisha nikala chakula cha matanga nikaenda zangu.

Basi mwaka huu, mwezi wa Oktoba, Denis akanipigia simu. Ameona kijana wa gredi ya tisa, mrefu kama mlingoti, jina lake Brian. Shida, akasema, ni kwamba baba mtu anataka kumpeleka jandoni Desemba hii. "Coach, wewe ni mtu wa hapa. Twende umwambie huyo mzee. Anakujua, ati ulimfunza." Wazazi wa Denis walitoka Magharibi kuja kufanya kazi katika mashamba makubwa ya chai, na yeye alizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi. Ana mila yake na anaiheshimu, lakini ya kwetu haijui kwa ndani. Sikuhitaji kuuliza jina la huyo mzee.

Nilikubali kwenda. Nilijiambia nitamzuia Denis palepale, mbele ya Weldon, na Weldon ataona kwamba nimebadilika. Mnaona? Hata toba yangu ilitaka makofi.

Weldon alitupokea vizuri. Mke wake akaleta chai na viazi vitamu. Mama yake, yule aliyekuwa akichambua mboga, sasa ni bibi mzee, alikuwa amekaa juani nje ya mlango. Denis akaanza kuongea, kijana ana ulimi mtamu. Akaeleza mambo ya basari, ya vyuo vikuu, ya timu ya taifa ya vijana. Akamaliza kwa kusema, "Na si ati tunakataa mila, mzee. Ni mwaka moja tu. Sisi tutamchunga."

Weldon aliweka kikombe chini. Kisha akanigeukia. "Mwalimu, wewe unasemaje?"

Nyumba nzima ilikuwa inaningoja. Nilikuwa na zaidi ya miaka ishirini ya kujitayarisha kwa swali lile. Nikainua kikombe, nikanywa, nikasema, "Chai imeiva sana."

"Ongeza, mwalimu," Weldon akasema, akanimiminia. Halafu akamwambia Denis kwa utaratibu, "Brian ataingia Desemba na wenzake. Kama mnamtaka akishapona, mlango uko wazi. Kama hamwezi kungoja, pia ni sawa."

Njiani, juu ya pikipiki yake, Denis alikuwa amenuna. "Coach, si ungenisaidia hata kidogo? Umekaa tu." Nikamwambia asimame kando ya barabara, nikamsimulia yote haya mnayosoma, pamoja na neno lenyewe. Alizima pikipiki akasikiliza. Nilipomaliza akasema, "Pole, Coach." Nikamwambia pole hiyo si yangu.

Sasa nyinyi mtasema, mzee, umetufundisha magunia, umetufundisha ringi, hapa tufanye nini? Mngojeni kijana. Potezeni msimu. Niliwahi kupoteza misimu mingi baadaye kwa uzembe wangu tu, na hakuna hata mmoja ninaoukumbuka vizuri. Na kama tayari umemkosea mtu, usingoje miaka ishirini upate maneno mazuri. Hayaji.

Kesho yake asubuhi nilirudi peke yangu kwa miguu. Weldon alikuwa akikata majani ya ng'ombe nyuma ya nyumba. Sikungoja salamu ziishe. Nikamwambia, "Weldon, nilikunyima wenzako kwa sababu nilitaka kombe. Halafu nikakutukana kwa kitu nilichokufanya mwenyewe. Nisamehe."

Aliweka panga chini. Akafuta mikono kwenye suruali. "Umelisema hapa tukiwa wawili," akasema. "Siku ile benchi zima lilisikia."

Akamwita mwanawe. Brian akatoka ndani, akainama kupita mlangoni. Tukazunguka hadi mbele, alipokuwa amekaa bibi, na Weldon akanisogezea kiti. Sikukaa. Nikayasema yote tena, polepole, mbele ya mwanawe na mbele ya mama yake, na safari hii ilinibidi nilitamke lile neno nililomwita. Mara ya kwanza nilikuwa najitua mzigo wangu tu. Mara ya pili ndiyo iliyouma. Bibi alinitazama tu, naye ndiye aliyeniambia mapema, akaniambia waziwazi, nami nikanywa mursik wake nikaenda.

Weldon akasema, "Nimesikia, mwalimu." Hakusema amenisamehe, na sikuthubutu kuuliza.

Brian alikuwa akimtazama baba yake kama anayemwona mtu mgeni. Kisha akanigeukia mimi. Ni kijana mwenye adabu, alisubiri kwanza kuona kama wakubwa wamemaliza.

"Na hiyo mechi, mwalimu," akauliza, "mlishinda?"

Nikamwambia ndiyo. Tulishinda.